Kusafirishiwa shanta kwenye Njia ya Mtakatifu Yakobo: uzoefu wangu

Huduma ninayoieleza hapa ni ile ya kusafirishiwa mzigo kwa gari, kutoka malazi hadi malazi, katika Camino Francés, njia ya hija ya takriban kilomita 780 inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa wa milima ya Pyrenees, na kuishia Santiago de Compostela, kaskazini magharibi mwa Hispania, ambako kwa mapokeo ya Kanisa ndiko lilipo kaburi la Mtume Yakobo. Siku nyingine nililipia gari, siku nyingine nikabeba shanta langu mwenyewe, kwa hiyo ninalinganisha hali hizo mbili katika mwili mmoja, tena wa mtu wa makamo ambaye magoti yake yalikuwa yakiuma tangu kabla ya safari. Kwa maoni yangu, huduma hii inastahili fedha yake siku za kuteremka milima, lakini siku za tambarare inaweza hata kumdhuru mtembeaji, na nitaeleza kwa nini.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Jioni unaijulisha kampuni, kwa simu au kupitia tovuti yake, mahali unapolala na mahali unapokusudia kufika kesho yake. Asubuhi unaandika jina lako na unakoelekea kwenye bahasha, unatia malipo ndani, unaifunga kwenye shanta na kuliacha karibu na mlango kabla ya saa mbili. Kwa kawaida mzigo haupaswi kuzidi kilo 15. Mimi nililipa chini ya euro 10 kwa kila mwendo wa siku, na karibu kila mara nilikuta shanta limekwisha kufika. Zipo kampuni kadhaa, na hata shirika la posta la Hispania, Correos, linatoa huduma hiyo.

Watu wengi wanaojiandaa kwa njia hii huogopa kupanda. Ni kweli kwamba siku ya kwanza ni ngumu, kwani unatoka Saint-Jean, yapata mita 170 juu ya usawa wa bahari, na kupanda hadi kwenye kipito cha milimani cha Lepoeder, karibu mita 1,430, kabla ya kushuka Roncesvalles iliyo kwenye mita 950 hivi. Lakini kupanda huchosha moyo na mapafu, na uchovu wa namna hiyo huondoka kwa kupumzika. Kinachouumiza mwili kwa muda mrefu ni kuteremka, kwa sababu msuli wa mbele ya paja hulazimika kufanya kazi huku ukirefuka, ukiuzuia mwili usiporomoke, na kazi hiyo huchanachana nyuzi zake ndogondogo. Maumivu yake hayaji papo hapo. Hukomaa siku moja hadi tatu baadaye, wakati hujaji amekwisha kuteremka tena kwenye mawe kuelekea Zubiri na anakaribia Pamplona. Baada ya Pamplona unakuja mteremko wa Alto del Perdón, wenye kokoto zinazoteleza chini ya kiatu, na misuli inaukabili ikiwa bado haijapona. Niliona watembeaji vijana na wenye nguvu wakishuka pale kinyumenyume ili kuyapunguzia magoti uzito.

Hapo ndipo kilo chache zinapokuwa na maana kubwa. Njiani husemwa kwamba shanta lisizidi asilimia 10 ya uzito wa mwili, yaani kilo 7 kwa mtu wa kilo 70, ingawa lita 2 za maji peke yake zimekwisha kula kilo 2 katika hizo. Kwenye mteremko, mzigo huo hulielemea goti kwa kila hatua, na pia huusukuma mguu mbele ndani ya kiatu hadi vidole vigongane na ncha yake na kucha ziwe nyeusi. Niliposhuka kutoka Cruz de Ferro, msalaba wa chuma ulio karibu mita 1,500, kupitia El Acebo hadi Molinaseca, iliyo chini kwa mita 900 hivi, nilikuwa na maji, koti la mvua, hati zangu na fimbo mbili za kutembelea tu. Niliweza kuchagua pa kukanyaga kwa utulivu, na kesho yake niliamka nikatembea bila kushika ukuta. Sina shaka kwamba bila gari lile goti langu la kulia lingenirudisha nyumbani.

Tambarare ya Meseta, baada ya Burgos, ina mateso ya namna nyingine. Hakuna milima mikubwa, bali kuna hatua zilezile maelfu kwa maelfu juu ya ardhi ngumu, na maumivu huanza kwenye muundi au kwenye kano ya kisigino. Dawa ya maumivu hayo ni kupunguza mwendo, kwa kusimama kijiji cha karibu na kulala mapema. Lakini aliyetuma shanta lake kilomita 25 mbele hana uhuru huo, kwa kuwa nguo zake, taulo lake na begi lake la kulalia viko kule, naye atajikokota avifuate. Nilimwona hujaji mwenzangu akimeza vidonge vya kutuliza maumivu ili aufikie mzigo wake, muundi ukiwa umevimba wazi, na vidonge vile vilificha tu onyo ambalo mwili ulikuwa ukimpa. Baada ya hapo nilibeba mwenyewe katika Meseta yote, hata kipande cha kilomita 17 hivi kutoka Carrión de los Condes ambacho hakina kijiji hata kimoja.

Malengelenge hayatibiwi na gari lolote. Hayo huletwa na msuguano, joto na unyevu, na yanataka kiatu chenye nafasi kwa sababu miguu huvimba, soksi kavu, na kuvua viatu kila unapopumzika.

Nina malalamiko mawili. Mara moja kampuni iliacha shanta langu katika nyumba nyingine ya wageni yenye jina linalofanana na la ile niliyolala, likaletwa usiku bila hata neno la kuomba radhi, nami nikakaa jioni nzima na soksi zilizolowa. La pili ni kwamba nyumba nyingi za umma za mahujaji, zikiwemo zile za serikali ya jimbo la Galicia, hazipokei mizigo inayoletwa na gari, kwa hiyo unalazimika kuweka nafasi katika nyumba za watu binafsi, ambazo ni ghali zaidi.

Wapo wanaodai kwamba aliyebebewa shanta si hujaji kamili. Ofisi ya Mahujaji ya Santiago haisemi hivyo. Hutoa hati ya Compostela, yaani cheti cha kukamilisha hija, kwa aliyetembea kwa nia ya dini au ya kiroho angalau kilomita 100 na mwenye mihuri ya njiani inayothibitisha, pasipo kuuliza nani alibeba soksi zake.

Ningerudi leo, ningelipia siku ya Roncesvalles, siku ya Molinaseca na ile ya kushuka kutoka O Cebreiro hadi Triacastela. Siku nyingine zote ningebeba mwenyewe, dawa na soksi za akiba zikiwa mfukoni hata siku za gari.