Shokapu ya upepo ya nyuma: pesa ianzie wapi

Kaa na waendesha baiskeli za milimani nusu saa tu, hutakosa mmoja anayelalamika kwamba shokapu yake ya nyuma imechoka na anatafuta nyingine. Muulize anaendesha na presha ngapi. Wengi watakujibu kwamba ni ile waliyokuta siku ya kununua baiskeli, na tangu siku hiyo hawajaigusa. Mtu kama huyo ukimuuzia shokapu mpya umemhamishia ugonjwa ule ule kwenye chombo cha bei ghali.

Kwa hiyo orodha yangu haianzi na shokapu. Nimezipanga njia za kuboresha sehemu ya nyuma kwa utaratibu ambao mimi ningetoa pesa, kuanzia ile inayokulipa zaidi kwa kila shilingi au senti utakayoitoa.

Ya kwanza: pampu ya shokapu na saa moja ya utulivu

Pampu ya tairi haifai hapa. Ile husukuma upepo mwingi kwa presha ndogo, wakati shokapu inataka upepo kidogo kwa presha kubwa, na kufika psi 200 (psi ni kipimo cha presha) au zaidi ni jambo la kawaida. Pampu ya shokapu ni ndogo, ina geji na kitufe cha kupunguzia upepo kidogo kidogo. Geji za pampu mbili zinaweza kutofautiana, basi ukishapata namba yako endelea kutumia pampu hiyo hiyo.

Kinachotafutwa kwanza ni mzamo, yaani shokapu inabonyea kiasi gani kwa uzito wako kabla hujakutana na jiwe lolote. Vaa kama unavyovaa njiani, pamoja na begi na maji. Fungua mkono wa kufungia shokapu uwe wazi kabisa. Kwa kuanzia, weka psi zinazolingana na uzito wako kwa paundi. Mtu wa kilo 75 zidisha kwa 2.2, unapata 165. Si kanuni ya fremu zote, lakini itakufikisha karibu. Kisha ibonyeze baiskeli taratibu mara kumi au kumi na tano, kwa sababu ndani kuna vyumba viwili vya upepo, kimoja kinasukuma juu na kingine kinavuta chini, na presha yao haisawaziki mpaka shokapu ichezeshwe. Ukiruka hatua hii utapima uongo.

Sasa panda, egemea ukuta, simama kwenye pedeli kama unavyosimama ukiteremka. Mtu akusogezee ile oringi, yaani pete ya mpira iliyo kwenye mti wa shokapu (fimbo inayoingia na kutoka), hadi iguse sili. Shuka kwa upole, bila kudunda, halafu pima oringi imesogea milimita ngapi. Kama stroki ya shokapu, yaani umbali wote inaoweza kubonyea, ni milimita 60, asilimia 30 ni milimita 18. Kwa baiskeli za njia za kawaida lenga kati ya 25 na 30. Wa mbio za masafa huwa chini ya hapo, 20 hadi 25, na wa mteremko mkali hufika hata 35.

Jambo moja linalowachanganya wengi: ukichomoa pampu utasikia "fsss" na utaapa kwamba upepo wa shokapu umetoka. Ule ni upepo wa kwenye mpira wa pampu. Ukiirudisha pampu, geji itasoma pungufu kwa sababu mpira unajazwa upya kutoka ndani ya shokapu. Usianze kufukuzana na namba hiyo.

Baada ya mzamo, shika kirungu chekundu. Hicho kinaamua shokapu irudi juu kwa kasi gani baada ya kubonyea. Kizungushe hadi kifunge kabisa, kisha ufungue huku ukihesabu kliki, na uandike. Teremka ukingo wa barabara ukiwa umekaa kwenye siti: nyuma ibonyee, irudi, idunde mara moja tu na kutulia. Ikidunda mara mbili tatu, ina haraka mno. Ikirudi kama mtu anayeinuka kitandani kwa shingo upande, ni nzito mno.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Jamaa mmoja ninayeendesha naye alishachagua shokapu mpya, akabakiza kulipa tu. Malalamiko yake yalikuwa kwamba ya zamani imekuwa ngumu kama ubao kwenye mawe yaliyofuatana, na kila alipopunguza upepo ikazidi kuwa ngumu. Kirungu chekundu kilikuwa kimefungwa karibu chote. Shokapu ilibonyea kwenye jiwe la kwanza, na kabla haijarudi likaja la pili, halafu la tatu, mpaka ikawa imelala chini haina pa kwenda. Kupunguza upepo kuliilaza mapema zaidi. Tulifungua kliki sita, tukarudisha upepo alioutoa. Shokapu mpya hajainunua hadi leo, ingawa najua bado anaitamani.

Kumbuka tu kwamba vitu hivi viwili vinakwenda pamoja. Ukiongeza presha, shokapu inasukuma kwa nguvu zaidi, na kirungu chekundu kitahitaji kufungwa kidogo.

Ya pili: sevisi

Watengenezaji wa shokapu RockShox wanataka sehemu ya upepo ifunguliwe na kusafishwa kila baada ya saa 50 za kuendesha, na sehemu ya oili kila saa 200. Fox wao wanasema sevisi kamili kila saa 125 au mara moja kwa mwaka. Hesabu mwenyewe: saa nne kila wiki, saa 50 zimeisha ndani ya miezi mitatu. Ni wangapi wanaofanya hivyo?

Nilipompelekea fundi wangu shokapu niliyokuwa nimeikatia tamaa, aliifungua mbele yangu, akapitisha kidole ndani ya kopo la upepo, lile ganda la nje linaloshika upepo, kikatoka na tope jeusi. "Kaka, hii haina ugonjwa," akasema. "Ina kiu." Sili mpya, grisi, oili kidogo, na ule mkwaruzo wa mwanzo wa kubonyea ukaisha. Sili za kopo la upepo mtu mwangalifu anaweza kubadilisha mwenyewe nyumbani. Sehemu ya oili muachie fundi mwenye vifaa, kwani ndani yake huwa kuna naitrojeni yenye presha kubwa.

Onyo ambalo sitalifupisha: usifungue kopo la upepo kabla ya kutoa upepo wote, taratibu. Na kama umetoa upepo shokapu ikajivuta chini na kukwama hapo, isirudi, acha. Chumba cha chini kimebaki na presha. Kopo linaweza kuruka kama risasi. Hiyo ni kazi ya fundi, tena umwambie hali ilivyo kabla hajaishika.

Ukiwa hapo, badilisha bushi za kwenye matundu ya shokapu. Inua baiskeli kwa siti. Ukisikia "tok" ndogo kabla gurudumu halijanyanyuka, bushi au beringi za fremu zimekwisha. Bei yake ni ndogo, na hakuna shokapu itakayoficha mlegeo huo.

Ya tatu: spesa

Hivi ni vipande vya plastiki vinavyowekwa ndani ya kopo ili kupunguza nafasi ya upepo. Nafasi ikipungua, mwanzo wa kubonyea haubadiliki sana, lakini mwisho unakuwa mgumu. Uamuzi wake ni mwepesi. Mzamo uko sawa lakini kila safari shokapu inagonga mwisho? Ongeza kimoja. Mzamo uko sawa lakini oringi haijawahi kufika hata karibu na mwisho? Punguza kimoja. Kugonga mwisho mara moja kwenye mruko mkubwa wa siku si kosa, ndiyo kazi ya stroki uliyoilipia.

Ya nne: kopo kubwa la upepo

Kama shokapu yako ni nzima lakini inakataa kuanza kubonyea kwenye kokoto ndogo, kopo lenye chumba kikubwa cha kuvuta chini linasaidia. RockShox wana MegNeg kwa familia ya Deluxe na Super Deluxe, na Fox walileta EVOL kwa Float. Baada ya kufunga utalazimika kupandisha presha ili upate mzamo ule ule, usishtuke. Nimeiweka ya nne kwa sababu haifai kila fremu. Fremu ambayo kwa asili ni laini mwanzoni itazama zaidi ya unavyotaka.

Ya tano: shokapu mpya yenye tanki

Sasa ndiyo tumefika dukani. Tofauti ya maana kati ya shokapu nyembamba kama Fox Float au RockShox Deluxe na yenye tanki la pembeni kama Float X au Super Deluxe ni oili. Kazi ya oili ni kugeuza mtikisiko kuwa joto. Kwenye mteremko mrefu oili kidogo hupata moto upesi, inakuwa nyepesi, na shokapu huanza kurudi kwa kasi kuliko ulivyoiweka asubuhi. Tanki huongeza oili. Kama miteremko yako huisha ndani ya dakika mbili, tanki ni uzito wa kubeba tu, na hutasikia tofauti. Kama ni dakika kumi za mawe, utaisikia kabla ya kufika chini.

Kashima, mipako ya rangi ya dhahabu kwenye mti wa shokapu za Fox, inapunguza msuguano kweli, ila ningelipia vidhibiti vizuri kabla ya kulipia rangi.

Kipimo ndicho kinachowaangusha wanunuzi. Mwenyewe niliwahi kuletewa shokapu yenye urefu sahihi na bushi za upana usio wangu, ikakaa mezani wiki mbili ikisubiri vipande vya saizi ya kidole. Unahitaji namba tatu. Ya kwanza ni urefu kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu. Ya pili ni stroki. Ya tatu ni upana wa bushi na unene wa bolti kila upande. Tangu 2016 baiskeli nyingi zimehamia vipimo vya milimita kamili kama 210 kwa 55 au 230 kwa 65. Za zamani utakuta 200 kwa 57 au 216 kwa 63. Halafu zipo za tranioni, ambazo upande mmoja hazina tundu bali zinafungwa kwa bolti mbili ubavuni, kama 185 kwa 55 au 205 kwa 65. Milimita 200 na 205 hazibadilishani, hata muuzaji akikuambia vipi.

Stroki ndefu kuliko iliyoruhusiwa na mtengenezaji wa fremu ni kishawishi kibaya. Gurudumu lenye mwendo wa milimita 150 kwa stroki ya 60 lina uwiano wa 2.5, maana yake kila milimita tano unazoongeza kwenye shokapu ni takriban milimita 12 au 13 kwenye gurudumu, na tairi inaweza kugonga fremu.

Ya sita, au ya kwanza kwa baadhi yenu: kupanga upya shimu za ndani

Shokapu za dukani hupangwa kwa mtu wa uzito wa kati. Ukiwa na kilo 55 au kilo 110, unaweza kufungua au kufunga kirungu chekundu mpaka mwisho na bado usipate unachotaka. Dalili ni hiyo hasa, kirungu kimefika ukutani. Fundi wa shokapu atabadilisha visahani vyembamba vinavyozuia oili, na shokapu yako ya zamani itakushangaza. Kwa watu hawa ningeruka namba tano kabisa.

Ya mwisho: kuhamia springi ya chuma

Springi inabonyea kwa ulaini ambao upepo unaukaribia tu. Lakini ni nzito, uzito wako ukibadilika huongezi upepo tu bali unanunua springi nyingine, na fremu isiyokuwa ngumu mwishoni itagonga mwisho kila mara. Fremu zinazoshika shokapu kwa uma mrefu (kipande chenye ncha mbili kinachoiunganisha shokapu na fremu, si uma wa mbele) ndizo za kuogopa zaidi, maana hupindisha mti wa shokapu. Uliza mtengenezaji wa fremu kama ameiruhusu. Asipokujibu wazi, baki na upepo.

Kama utanunua iliyotumika, pitisha ukucha kwenye mti wake kuanzia juu hadi chini. Ukucha ukinasa kwenye mchubuko, rudisha. Mchubuko huo utakula kila sili utakayoweka.

Siku ya kufunga, kabla ya kujaza upepo, acha shokapu ikiwa tupu, kaa kwenye siti na ubonyeze nyuma hadi mwisho. Mtu achungulie tairi dhidi ya fremu, tanki dhidi ya chupa ya maji, na nyaya za gia. Vyote vikipita bila kugusana, rudi kwenye pampu na oringi, uanze kupima mzamo upya, kwa sababu namba za shokapu ya zamani hazina kazi kwenye hii.