Mbegu za viungo Dodoma: bandua bandiko la bei kwanza

Novemba iliyopita nilinunua pakiti sita kwa mpigo: dhania mbili, pasli mbili, rehani mbili. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Chamwino, mibuyu ya njiani ilishatoa majani bila kungoja tone la mvua, nikajiona nimewahi. Nikapanda kwenye mabeseni nyuma ya jiko. Mvua ikaja, kila kitu kikachipua, hadi bua la mhindi nililolichomeka kama kigingi cha kamba likazungukwa na majani. Mabeseni yangu? Siku ya ishirini na mbili bado ni udongo mtupu. Nikafukua punje moja ya dhania, nikaiminya kwa ukucha, ikapukutika kama ugoro.

Nikazichukua pakiti tupu, nikaloweka lile bandiko la bei, nikalibandua. Chini yake kulikuwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, na ilikuwa imepita kwa miezi kumi na minne.

Kwa hiyo mbolea na aina ya udongo leo siviongelei. Samadi ya mbuzi mnayo, jua tunalo la kugawa. Ninachotaka uangalie ni vitu viwili: tarehe iko wapi, na pakiti imekaa wapi. Hicho cha pili ndicho hakuna anayekijali. Mbegu ni kitu hai kilicholala. Watunza mbegu wana kanuni ya siku nyingi: joto la mahali zinapohifadhiwa likishuka nyuzi 5, umri wa mbegu unaongezeka maradufu. Igeuze sasa: joto likipanda, umri unakatika. Duka limefungua mlango magharibi, pakiti zimebanwa kwa vibanio kwenye waya, Oktoba ya Dodoma ambayo kivulini tu ni nyuzi 30 na ushee. Kwenye waya ule ni ngapi? Pasli hata ukiitunza vizuri haina umri mrefu, mwaka mmoja au miwili. Pale mlangoni inaiva.

Namba moja kwangu ni pakiti za kampuni ya mbegu ya Kibo, Arusha, na sijifichi. Hawa ni ndugu na Simlaw wa Nairobi, wote wako chini ya Kenya Seed, kwa hiyo nikikosa Kibo nachukua Simlaw bila kinyongo. Mnaoniandikia kwamba nina upendeleo, ni kweli. Dhania niliyorudia Desemba ilitoka siku ya tisa, nyuzi mbili mbili za kijani zimebeba kofia ya ganda kichwani. Siri moja ya dhania: ile punje ya mviringo ndani yake ina mbegu mbili, hivyo iviringishe taratibu chini ya chupa hadi ipasuke vipande viwili kabla hujapanda. Usiisage. Rehani usiifukie, inapenda mwanga. Ikilowa inavaa utelezi kama yai la chura, usishtuke.

Lakini hata hao namba moja, waombe watoe pakiti ya ndani, kwenye boksi, siyo ya waya. Angalia stika ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ile yenye namba ya kukwangua ambayo unaihakiki kwa simu. Na bandiko la bei libandue hapohapo mbele ya muuzaji. Atanuna. Mwache anune.

Kwa rozmari na mnanaa mbegu achana nazo kabisa. Rozmari ya mbegu inachelewa na nyingi hazioti, mnanaa wa mbegu hukupa harufu usiyoijua. Hapo nunua mche kwenye kiriba kwa wauza maua wa barabarani. Ukipata ulioshinda juani na upepo wa hapahapa, chukua. Ulioshushwa jana kutoka nyanda za baridi utakunjamana ndani ya wiki. Geuza kiriba uangalie chini: mizizi ikiwa imejizungusha kama kata ya kichwani, huo mche umekaa sana, punguza bei au ondoka. Kwa mnanaa, ukweli ni kwamba fungu la sokoni Majengo ukiliweka kwenye glasi ya maji linatoa mizizi lenyewe.

Dhania ya jikoni ya kupimwa kwa kijiko nayo huota, siku nyingine. Ni bahati nasibu ya shilingi mia mbili.

Sasa bei. Pakiti niliyokuwa nanunua elfu moja na mia tano imefika elfu tatu, na kila ukiuliza unaambiwa mzigo unatoka mbali. Sawa, mafuta yamepanda, hilo naelewa. Lakini tangu mji huu uwe jiji mwaka 2018, kuna wafanyabiashara wakiona mama kavaa kitambulisho cha ofisi shingoni bei inabadilika palepale. Mimi sasa nakivua kwenye bajaji. Na nilipomrudishia yule bwana aliyeniuzia mbegu zilizokufa pakiti zake, alinijibu hivi: "Mama, mbegu ikishatoka dukani haina marejesho. Labda maji yako yana chumvi." Maji hayohayo yananikuzia mchaichai unaonifika kifuani!

Juzi nilipita tena pale dukani kwake. Waya uko palepale mlangoni. Kuna pakiti ya pasli niliyokuwa nimeanza kuibandua pembe ule mwezi wa kumi na mbili, nilipokwenda kulalamika. Nimeitambua kwa ule mchaniko. Imebandikwa bandiko jipya juu ya la zamani: elfu tatu na mia tano.