Uzoefu wangu: banda la farasi la Seaton Delaval Hall, Northumberland

Nimezaliwa na kukulia Lamu, mji wa punda, kwa hiyo banda la mnyama kwangu halikuwa kitu cha kulipia kiingilio. Punda wetu alilala uani, akila kwenye hori la mbao alilolichonga babu. Jumamosi iliyopita nilikwenda na binti yangu Seaton Delaval Hall, kaskazini ya mji wa Newcastle, Uingereza, kwa sababu mwenzangu wa kazini alinisisitizia: usitoke pale bila kuingia bawa la mashariki, lenye banda la farasi. Nimemshukuru mara mbili tayari.

Jumba lilisanifiwa na Sir John Vanbrugh, yule yule aliyesanifu Blenheim Palace, kasri maarufu la Uingereza, kwa ajili ya Admirali George Delaval. Lilijengwa kati ya 1718 na 1728, lakini si mwenye nyumba wala msanifu aliyeliona limekamilika. Vanbrugh alifariki 1726. Admirali alitangulia 1723, na aliyemuua ni farasi: alianguka kutoka mgongoni mwake papo hapo kwenye eneo la nyumba. Nilipojua hilo, niliingia bandani kwa hisia nyingine kabisa.

Ukisimama uwanjani, jumba kuu liko mbele yako, na mabawa mawili yametoka kulia na kushoto kama mikono ya mtu anayekukaribisha. Kila bawa lina baraza ndefu ya matao. Kulia palikuwa jikoni, kushoto, yaani mashariki, palikuwa kwa farasi, na kwa nje huwezi kujua ni wapi palipikwa na wapi walifungwa wanyama: jiwe ni lile lile, matao ni yale yale. Hapo ndipo Vanbrugh aliponishika. Hakumpa farasi kibanda cha nyuma, alimpa nusu ya uso wa nyumba.

Ndani ni kimya na baridi, na dari iko juu sana hata sauti yako inakurudia. Kila farasi alikuwa na sehemu yake. Hori limejengwa ukutani, ndani ya kidaka cha jiwe chenye tao juu. Nimesema kidaka kwa makusudi, maana sijapata neno lingine linalofaa. Wale waliokulia kwenye nyumba za mawe za pwani wanajua vidaka vya ukutani, mahali pa kupanga sahani za kauri na vitu vya thamani. Hapa kidaka kimewekewa majani makavu ya farasi, na fundi amekichonga kwa heshima ile ile. Nilisimama mbele ya kimoja kwa muda mrefu nikifuata mviringo wa tao lake kwa macho.

Na juu yake kuna jina. Hercules. Zephyrus. Peacock.

"Baba, huyu aliitwa Tausi?" binti yangu akauliza.

Nikamwambia ndiyo mwanangu, aliitwa Tausi, na alilala hapa. Akaanza kusoma yote kwa sauti, moja baada ya jingine, kama mwalimu anayeita daftari la mahudhurio.

Jumba kuu liliungua Januari 1822, na ukumbi wake umebaki gofu lenye sanamu zilizobabuka kwa moto. Unastahili kuuona, lakini mimi nilikaa dakika kumi tu. Bandani nilikaa karibu saa nzima.

Kwa anayetaka kwenda: jumba liko chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, tangu 2009, wanachama wake huingia bure, na si kila siku huwa wazi, kwa hiyo angalia kwanza. Treni ya kutoka Newcastle imeanza tena kusimama Seaton Delaval tangu Desemba 2024, ila kutoka stesheni ni zaidi ya nusu saa kwa miguu. Sisi tulichukua teksi, na dereva akatushusha kusikohusika, tukatembea kando ya barabara yenye magari ya kasi. Ukiwa na mtoto, mwoneshe dereva ramani kabla hajaondoa gari. Bahari iko karibu, upepo unakata, beba koti hata jua likiwaka.

Nampa Vanbrugh nyota tano kwa banda hili. Mama yangu anakuja kunitembelea, na nitampeleka moja kwa moja bawa la mashariki. Nataka aone lile hori kabla sijamwonesha kitu kingine chochote Uingereza.