TAHADHARI: "Wakala wa Norway" anayeuza mafuta ya samaki WhatsApp na nyumba kwa nyumba

Ndugu zangu wa Dar, hasa Temeke, Mbagala na Kigamboni, naomba msome hili kabla hamjatuma pesa. Kuna mtu, au kikundi cha watu, wanauza mafuta ya samaki kwenye magrupu ya WhatsApp ya mitaa, ya vikoba na ya wazazi wa shule. Wanajiita wakala wa Norway. Wana makopo ya vidonge na chupa za mafuta ya maji, na wanapita pia majumbani wakitafuta wazee wenye presha na sukari, na akina mama wajawazito. Mimi nafanya kazi famasi. Wateja wameniletea makopo waliyouziwa niyatazame, na nilichokiona kimenitisha.

Jina la muuzaji siwezi kuwapa. Namba anabadilisha kila mara, na jina linalotokea ukilipa kwenye simu si lile analojitambulisha nalo. Ila ana alama zake, na ukizijua utamtambua hata akija na namba mpya.

Alama kubwa ni lile onyesho lake. Anachukua kiboksi cheupe chepesi cha kufungia chipsi, anakata kipande, anatoboa kidonge kwa sindano na kudondosha mafuta juu yake. Baada ya dakika chache kipande kinatoboka. Hapo anamgeukia mzee na kumwambia kwamba ndivyo mafuta yaliyoganda kwenye mishipa yake yatakavyoyeyuka. Wazee wanashika vichwa, wanatoa pesa.

Kiboksi kinatoboka kweli. Maelezo ndiyo ya uongo. Kiboksi kile kimetengenezwa kwa plastiki inayoitwa polistirini. Mafuta ya samaki yaliyokolezwa kiwandani mara nyingi hubadilishwa kwa kutumia ethanoli, yakawa katika umbo linaloitwa ethili esta, na umbo hilo lina tabia ya kuyeyusha polistirini. Petroli nayo inaiyeyusha, tena haraka zaidi. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha vilevile. Mafuta ya samaki yaliyobaki katika umbo lake la asili, triglisaraidi, huchelewa sana kukitoboa kiboksi hicho, hata yawe mazuri kiasi gani. Kwa hiyo onyesho halipimi ubora, na la mishipa ndiyo kabisa halipimi. Ukimeza mafuta hayafiki kwenye mshipa yakiwa vile yalivyo ndani ya kidonge. Yanavunjwavunjwa kwanza na vimeng'enya kwenye utumbo mwembamba, ndipo yanafyonzwa. Hakuna mahali mwilini ambapo yanamwagikia uchafu wa mshipa na kuutoboa.

Mtu akifanya onyesho hilo sebuleni kwenu, msimamishe hapohapo.

Sasa makopo yenyewe. Niliyoyaona yalikuwa na stika ya tarehe ya mwisho wa matumizi iliyobandikwa juu ya tarehe nyingine. Moja lilibanduka kwa ukucha, na tarehe ya chini ilikuwa imeshapita. Hayakuwa na namba ya toleo wala jina la kiwanda, na mahali pa lakiri chini ya kifuniko palikuwa wazi. Vidonge vya ndani vilikuwa vimeshikana bonge moja, laini, vikitoa mafuta pembeni. Hiyo ni dalili kwamba vilikaa kwenye joto kali na unyevu, ganda la jelatini likalainika. Chupa za mafuta ya maji zilikuwa plastiki nyeupe zinazoonyesha hadi upande wa pili, zikiwa zimejazwa upya kutoka chombo kikubwa. Wateja wanasema anabeba mzigo kwenye boksi la bodaboda mchana kutwa, na siku nyingine anaupanga mezani pembeni mwa barabara, juani.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu watu wengi wananiambia, "Ni mafuta tu, yataharibika vipi?" Haya yanaharibika kuliko mafuta karibu yote mliyo nayo nyumbani. Kinachotafutwa ndani yake ni omega-3, yaani asidi za mafuta, za aina mbili, EPA na DHA. Mnyororo wa EPA una viungo dhaifu 5, wa DHA una 6, na ni kwenye viungo hivyo oksijeni huanzia kazi yake. Joto linaiharakisha, mwanga unaiharakisha, hewa iliyobaki ndani ya chupa nusu inaiendeleza. Mafuta ya mawese au ya nazi yanavumilia kwa sababu viungo vya namna hiyo ni vichache. Mafuta ya samaki hayavumilii. Lebo nyingi husema yatunzwe chini ya nyuzi 25, na Dar kati ya Desemba na Machi mchana unafika nyuzi 31, 32. Ndani ya boksi jeusi la pikipiki juani ni zaidi ya hapo. Hata kama mzigo ulitoka Norway ukiwa salama, namna anavyouzungusha mtaani inatosha kuuharibu.

Viwanda vinapima uharibifu huu kwa vipimo viwili. Kimoja ni cha peroksaidi, yaani mazao ya mwanzo ya kuchacha, na kiwango ambacho sekta yenyewe imejiwekea ni kisizidi 5. Cha pili ni anisidini, mazao ya baadaye, kisizidi 20. Ukichukua peroksaidi mara mbili ukajumlisha anisidini unapata namba inayoitwa TOTOX, ambayo haitakiwi kuvuka 26. Nawaeleza haya kwa sababu muuzaji huyu akibanwa anatuma picha ya "cheti cha maabara" chenye namba ya peroksaidi peke yake. Peroksaidi hupanda mafuta yanapoanza kuchacha, halafu hushuka yanapochacha zaidi, kwa kuwa inageuka kuwa vitu vingine. Mafuta mabovu kabisa yanaweza kuonyesha peroksaidi ndogo. Cheti kisicho na anisidini hakikuambii lolote, na cheti kisicho na namba ya toleo inayofanana na ya kopo lako ni karatasi ya kopo la mtu mwingine.

Nyumbani hatuna maabara, ila tuna pua. Kata kidonge kimoja, nusa, onja kidogo kwa ncha ya ulimi. Mafuta mazima yananukia samaki kwa mbali. Yaliyochacha yananuka kama rangi ya mafuta ya kupaka mlango, au mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa siku nyingi, na yanakereketa kooni. Yakiwa na ladha kali ya limao au chungwa kuwa mwangalifu zaidi. Ladha siyo kosa, kampuni nzuri nazo zinaiweka, lakini inaficha harufu. Ya huyu bwana nilikata mwenyewe. Yananuka rangi.

Mbele ya kopo pameandikwa 1000 mg kwa herufi kubwa. Hiyo ni namba ya mafuta yote, siyo ya omega-3. Geuza nyuma utafute EPA na DHA, ujumlishe. Kidonge cha kawaida cha 1000 mg huwa na EPA 180 na DHA 120, yaani 300 mg tu za kile unachokitafuta, na hilo ni halali maadamu limeandikwa wazi. Angalia pia kama hesabu ni ya kidonge kimoja au viwili. Kwenye makopo haya EPA na DHA hazijaandikwa popote; pameandikwa "Omega 3-6-9" basi. Omega-6 unaipata tele kwenye mafuta ya alizeti unayopikia, na omega-9 mwili unaitengeneza wenyewe. Huna sababu ya kuzilipia.

Kuhusu "Norway" nako, sehemu kubwa ya mafuta ya samaki duniani hutoka Peru, kwa samaki wadogo wanaoitwa anchoveta. Mwaka 2023 Peru ilifuta msimu wake wa kwanza wa uvuvi kwa kuwa baharini samaki wengi walikuwa wachanga, na bei ikapaa dunia nzima. Bidhaa ya namna hiyo haiwezi kukufikia mlangoni "moja kwa moja kutoka kiwandani" kwa bei ya soda mbili tatu, miaka yote, bila kubadilika.

Lililonisukuma kuandika lakini ni hili. Anawaambia wazee waache dawa. Mama mmoja aliacha amlodipini, dawa ya presha, mwingine aliweka pembeni metifomini, dawa ya sukari, kwa ahadi kwamba "mafuta yanasafisha, hospitali wanakufunga kwa dawa maisha". Ndugu zangu, presha haiumi mpaka siku inapokuangusha. Mafuta ya samaki siyo mbadala wa dawa hizo. Madaktari wanayatumia kwa dozi kubwa, kama gramu 4 za omega-3 kwa siku, kushusha triglisaraidi za damu, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, zilizopanda sana, na hapo inakuwa dawa ya cheti cha daktari. Dozi kubwa nazo zina madhara yake: mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitahadharisha kwamba zinaweza kuleta mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Kwa dozi ndogo, Marekani walifanya utafiti unaoitwa VITAL kwa watu 25,871, gramu 1 kwa siku kwa miaka kama 5, na matokeo yaliyotoka 2018 hayakuonyesha kwamba inapunguza jumla ya mashambulio ya moyo, kiharusi na vifo vya maradhi hayo kwa namna ya kutegemewa. Kama mzazi wako ameacha dawa kwa maneno ya huyu mtu, mpeleke kliniki apimwe leo, na dawa arudishiwe na wanaomtibu. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji asianze mafuta haya kabla ya kumweleza daktari, kwa sababu dozi kubwa zinaweza kuongeza kutokwa damu.

Wajawazito, tafadhali. Zile chupa anawauzia kama "mafuta ya ini ya kumpa mtoto akili", vijiko vikubwa viwili kwa siku. Mafuta ya ini la samaki siyo sawa na mafuta ya samaki ya kawaida. Ya ini yana vitamini A nyingi, na vitamini A ya aina hiyo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kikomo cha mtu mzima ni mikrogramu 3,000 kwa siku, ambazo kwenye lebo za zamani huandikwa IU 10,000, na kijiko kikubwa kimoja tu cha mafuta ya ini kinaweza kuvuka hapo. Uingereza wajawazito wanaambiwa wasiyatumie kabisa. Kama umeshayanywa usijitie hofu peke yako. Acha, nenda kliniki na chupa uionyeshe.

Kwa Waislamu wenzangu: ganda la kidonge ni jelatini, na jelatini hutoka kwa ng'ombe, samaki au nguruwe. Stika ya "halal" aliyoibandika haina jina la chombo kilichothibitisha, na kopo halisemi jelatini ni ya nini. Kopo la kuaminika linasema, tena wengine wanaandika wazi kwamba ni jelatini ya samaki.

Ukitaka kununua, nunua famasi au duka lenye anwani, linalotoa risiti ya EFD, na bidhaa ikae ndani, mbali na dirisha la jua. Chagua kopo dogo utakalolimaliza ndani ya mwezi au miwili. Yale ya vidonge mia tano ni rahisi kwa hesabu, lakini mwisho wake unameza yaliyochacha. Chupa iwe ya kioo cheusi au plastiki isiyopitisha mwanga, lakiri iwe nzima, vitamini E iwe imetajwa kwenye viungo kwa kuwa inachelewesha kuchacha. Ukiona alama ya USP au IFOS, yaani za wapimaji huru wa ubora, tafuta jina la bidhaa kwenye tovuti ya hao wanaoitoa, maana alama yenyewe yeyote anaweza kuichapisha. Nyumbani, chupa ya mafuta ya maji ikishafunguliwa ikae kwenye friji imefungwa vizuri, na umalize ndani ya muda ulioandikwa kwenye lebo. Vidonge vikae kabatini pakavu pasipo joto, siyo juu ya jiko, siyo kwenye gari. Usivihamishie kwenye mfuko au kikopo kingine, kwa sababu utapoteza tarehe na namba ya toleo.

Na asiye na uwezo asijisikie mnyonge. Ulaya mtu mzima anashauriwa apate miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku, na kiasi hicho unakipata kwa kula samaki wenye mafuta mara mbili kwa wiki. Vibua na dagaa wa Feri wanatosha.

Kwa waliokwishauziwa: msitupe kopo. Hifadhini stika zake, jumbe za WhatsApp, sauti alizotuma, na ule ujumbe wa muamala wenye jina la aliyepokea. Bidhaa za chakula, tangu 2019, ziko chini ya TBS, Shirika la Viwango. Anayeuza kitu akidai kinatibu ugonjwa apelekwe pia TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Na stika za tarehe bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC. Pesa iliyotumwa kimakosa au kwa kudanganywa, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako mapema iwezekanavyo, kisha polisi. Walio Kenya wakikutana naye au mwenziwe, ni Bodi ya Dawa na Sumu pamoja na KEBS, shirika lao la viwango. Ukileta kopo famasi yoyote yenye mfamasia, mwombe akukatie kidonge kimoja mbele yako na akusomee lebo. Hiyo ni kazi yetu, na hatutozi kitu.