Wodi Ningeisifu, Dirisha la Idhini Siwezi

Nilitaka hasira ipoe kwanza ndipo niandike, lakini haielekei kupoa. Miezi michache iliyopita niligunduliwa kuwa na saratani ya damu, ile inayokua kwa kasi. Daktari aliyenitoboa mfupa wa nyonga kuchukua uboho alinieleza waziwazi kwamba seli changa zisizo na kazi zilikuwa zimejaa mahali damu inapotengenezwa, na kwamba kemotherapi ilipaswa kuanza upesi. Nikapimwa moyo, kwa kuwa mojawapo ya dawa hizo huweza kuudhuru, nikalazwa katika hospitali moja kubwa hapa Nairobi. Kufikia hapo sikuwa na lalamiko lolote.

Kilichonikera ni dirisha la idhini ya bima. Mashine ilihitaji kidole changu mwenyewe, kwa hiyo mimi, niliyekwisha kuonywa kwamba kinga yangu ilikuwa karibu haipo, niliteremshwa kutoka wodini na kusimamishwa kwenye foleni ya watu waliobanana wakikohoa. Karani alikuwa akinywa chai kwa andazi. Niliweka kidole, kikakataa. Nikakiweka tena, kikakataa. Bila kuinua macho akasema, "Mama, mfumo umegoma, rudi Jumatatu." Ilikuwa Ijumaa mchana. Kaka yangu, aliyekuwa ametoka Kayole tangu alfajiri, akamwambia kwa upole, "Dada, huyu amelazwa, na dawa ni ya leo." Akajibiwa kwamba kila aliye pale ni mgonjwa, na dirisha likafungwa.

Jioni sista wa zamu alishuka nami mwenyewe, akiwa na barua ya daktari. Alikitazama kioo cha mashine, akakipangusa kwa pamba yenye spiriti, na kidole kilekile kikasomeka mara moja. Yalikuwa mafuta ya andazi! Matibabu yangu yalikaribia kuahirishwa hadi wiki iliyofuata kwa sababu ya mafuta ya andazi, na mpaka leo hakuna aliyeniomba radhi.

Huko wodini mambo yalikuwa tofauti kabisa, na haki yao siwezi kuwanyima. Dawa ya kemotherapi iitwayo sitarabini ilitiririka mshipani usiku na mchana kwa siku 7, na katika siku 3 za mwanzo iliongezwa daunorubisini, ambayo ni nyekundu kama sharubati ya rozela. Muuguzi aliisukuma polepole, akisita kila mara kuhakikisha kwamba sindano ingali ndani ya mshipa, kwa maana dawa hiyo ikivuja nje huunguza nyama. Alinitahadharisha mapema kwamba mkojo ungebadilika kuwa mwekundu, nami nilipouona sikupiga mayowe. Kichefuchefu kilikuwapo, ila walikidhibiti. Ndugu na majirani walipoitwa kuchangia damu, walipokewa kwa heshima.

Nilikuwa nimekusudia kutoa nyota moja. Nikimkumbuka yule muuguzi naona nne ndizo haki, na mtu wangu akiugua ugonjwa huu nitamleta hapa, ilimradi asifike siku ya Ijumaa na awe na barua ya daktari mkononi. Lakini mzunguko wa pili wa dawa unakaribia, na kaka yangu, aliyekwenda juzi kuulizia, amemkuta karani yuleyule mahali palepale, naye amemwambia vilevile arudi Jumatatu. Basi ni mbili.