Laina za matairi ya nyuma kwenye Vigo, misimu miwili ya mvua sasa

Kila gari yangu ikipandishwa jeki pale kwa fundi lazima mtu achungulie aulize hiyo plastiki nyeusi huko nyuma ni ya nini. Ndo laina, ngao inayofungwa ndani ya fenda juu ya tairi, basi ngoja niandike uzoefu wangu wote.

Gari ni Hilux Vigo dabo kebini ya 2012, niko Njombe, kazi yake kutoa parachichi shambani na kurudi na mbolea. Wa huku wanajua, kuanzia Desemba mpaka Aprili hakuna gari nyeupe, zote ni nyekundu. Na tope letu ni mfinyanzi, ukilimwagia maji linakuangalia tu, inabidi ubandue na kijiti kama ukoko wa ugali.

Sasa kwa mbele Vigo imetoka kiwandani na plastiki ndani ya fenda, hiyo kila mtu anaijua maana ndo ya kwanza kuning'inia klipu zikikatika. Yangu kwa nyuma ilikuwa haina kitu. Ukiinama ukaangalia juu ya tairi unaliona bati la bodi mikunjo yote, bomba la kujazia mafuta nalo linapita hapohapo. Kokoto zinapiga bati moja kwa moja, rangi inadonoka kidogokidogo, halafu tope linajazana kwenye ule ukingo uliokunjwa kwa ndani na linakaa na unyevu wake wiki nzima, yani kutu inaanzia ndani wakati nje bado panang'ara na wewe unapaka polishi. Siku ukiona rangi imetoa kipele ujue kwa ndani bati limeshaliwa.

Mi nilianza kwa kujidanganya na ova fenda, zile zinazofungwa kwa nje kwenye ukingo wa fenda. Muuzaji Dar akaniambia "hizi zinakinga bodi mzee" nikaamini, na kusema kweli zinapendeza, gari inakaa kibabe. Ila kuzifunga fundi alitoboa ukingo wa bati kwa drili, skrubu kibao kila upande, matundu hakuyapaka rangi wala nini na mi nikawa nimesimama pale naangalia tu. Mvua zilivyoisha nikazifungua, aisee, nyuma yake tope limekauka kama tofali, kila tundu lina pete ya kutu na sehemu moja kidole kinapita. Fundi bodi akakata akachomea kiraka, kuchomea na rangi laki mbili na ishirini. Kwahiyo kile kitu cha kukinga bodi ndo kilichoitoboa bodi.

Ndo nikaagiza laina. Zinakuja za aina mbili, kuna za plastiki ngumu na kuna zingine za kitambaa kizito kama zulia, hizo za zulia wanaosifia wanasema zinapunguza kelele, lakini nikawaza mfinyanzi wa Njombe kwenye zulia nikasema hapana. Nikachukua plastiki, pea moja laki mbili na tisini, na kusafirisha kutoka China elfu arobaini na tano kupitia wakala wa mizigo, zikafika baada ya wiki tano.

Kufunga nilifunga mwenyewe na mpwa wangu. Matairi tulitoa, tukaosha kule ndani kwa presha mpaka bati likaonekana, tukaacha likauke siku nzima (hapa msiwe na haraka, ukifungia unyevu ndani umejimaliza), tukapiga andasili (ile rangi nzito ya kukinga bati lisile kutu), kesho yake ndo tukafunga. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kichina tupu na vipicha vitatu. Upande mmoja uliingia kwenye matundu ya zamani ya gari bila kutoboa kitu, nusu saa tu. Upande wa kujazia mafuta ndo ulitutoa jasho, ile nafasi iliyokatwa ipitishe bomba ilikuwa imekaa pembeni, tukapasha kisu kwenye jiko la mkaa tukaipanua. Klipu walizoleta ni takataka, nne zilikatika hata hatujamaliza, nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua bolti ndogo za stenlesi na wosha pana na mpaka leo hazijalegea.

Safari ya kwanza na mzigo kamili nikaingia shimo moja nikasikia krrrr, nikajua nimeua tairi. Kumbe laina, upande wake wa mbele, ilikuwa imejikunja, bodi iliposhuka tairi likaigusa. Nikasogeza bolti moja juu, ikaisha. Mi natumia matairi ya saizi 265/70 R16, wale mliofunga makubwa zaidi pimeni kwanza gari ikiwa imebeba, sio ikiwa tupu.

Matokeo? Kelele imepungua, kokoto zilikuwa zinalia kang'a kang'a kama mtu anapiga sufuria, sasa hivi ni pu pu tu. Mwezi wa tano mwaka jana nikafungua, mwaka huu pia, bati liko vilevile na andasili yake. Lakini tope huwa linapenya, linaingia kwa juu upande wa chesesi linakaa kule chini, nilitoa kama viganja viwili kila upande. Kwahiyo lazima ufungue kila mvua zikiisha, ukizifunga ukazisahau miaka mitatu ni ova fenda zilezile kwa jina lingine.

Madflapu, vile vipande vya mpira vinavyoning'inia nyuma ya tairi, ninazo pia, nilichongesha kwenye mpira wa lori elfu kumi na tano. Zinasaidia milango na aliye nyuma yako asipasuliwe kioo, ila juu ya tairi hazikingi chochote, asikuuzie mtu kwa maneno hayo.

Laina zenyewe nazipa nane kwa kumi, klipu zake nazipa sifuri. Ova fenda bado ninazo, ziko uvunguni mwa kitanda, na mama watoto kila akifagia ananiuliza zinaondoka lini.