Mkopo wa kununua nyumba mbovu na kuitengeneza: msiulize riba peke yake

Wiki hii watu watatu wameniuliza nilipata wapi mkopo wa kununua lile gofu langu la Tororo, hapa Uganda, na wote wameanza na riba ni ngapi. Riba iangalie ndio, nani hajui mkopo wa shilingi huku kwetu ni moto, lakini mimi iliyoniliza si riba. Ni awamu.

Benki fulani (sio hiyo nitakayoitaja hapo chini) ilimlipa mwenye nyumba pesa yake yote siku moja, sawa. Pesa ya kutengeneza ikakatwa vipande vitatu, cha kwanza unaezua na kununua mbao, halafu unangoja injinia wao aje akague ndio cha pili kitoke. Fundi akaezua mwezi wa tatu, injinia akatokea baada ya wiki tano, na mvua ya Tororo mwezi wa nne mnaijua. Silingi ikashuka yote, plasta ya chumba cha nyuma ukiigusa inabaki mkononi kama uji uliolala, na marejesho nilishaanza kulipa zamani. Usafiri wa injinia pia juu yangu!

Sasa mimi njia za kukopa nazipanga kwa kuangalia pesa inakufikia vipi.

Ya kwanza benki ya Housing Finance, na sijifichi, ndio naipenda, nyumba ndio kazi yao tangu 1967. Ila pesa ya ujenzi kutoka kwa awamu ni kawaida ya mabenki, kwa hiyo hata hapo kabla hujasaini taka kwa maandishi: awamu ngapi, mkaguzi anakuja baada ya siku ngapi, nani anamlipa. Wakikwambia "atakuja tu", funga faili lako uende nyumbani. Na ni vizuri uwe na taito, yaani hati ya ardhi. Kama una kibanja tu (ardhi isiyo na hati) na barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, uliza kwanza kama wanakubali kabla hujapanga foleni.

Ya pili SACCO, kama umeweka akiba na una wadhamini. Nyumba nzima ni ngumu, lakini pesa ya paa unaweza kuipata yote mara moja. Ningerudi nyuma ningefanya hivyo, benki inunue, SACCO iezeke. Uliza tu wanapiga riba kwa salio ama flat, yaani kwa mkopo wote mpaka mwisho hata ukishalipa sehemu, maana milioni 12 kwa miaka 2 kwa 20% flat riba yake ni milioni 4.8, kwa salio linalopungua haifiki hata 2.7.

Ya tatu mkopo wa mshahara, kwa wenye mshahara. Mikopo ya simu na wale wakopeshaji wa kushika kadi ya gari kama dhamana, hapana.

Halafu ushuru wa stempu, 1.5%, nyumba ya milioni 60 hiyo ni 900,000, iweke pembeni mapema.

Na hawa watu wa hadiwea jamani. Pesa ya pili ilipotoka mabati yalishapanda, nikalipa hivyo hivyo, kumbe nimepewa geji 30, bati jembamba zaidi, na risiti imeandikwa 28. Fundi ndiye aligundua, alikunja kona kwa vidole viwili akaanza kucheka. Nikaenda dukani na risiti mkononi, mwenye duka akaniangalia, "Mama, kwani mvua inajua geji?"